Kufa na kuzikana tunachangia, kuugua je?

Najua nimepotea hapa karibu mwezi mzima, na kuna mliouliza kama nimedisco. Sijadisco jamani! Ni utafiti wa mwaka wa tatu ndio umenikaba koo. Msimamizi wangu amesharudisha sura ya pili mara tatu, na kila mara kalamu nyekundu inaongezeka. Mada niliyochagua ni ugharamiaji wa huduma za afya, yaani hela ya kumtibu mtu inatoka wapi, inakaa kwa nani, na inalipwa vipi.

Usiondoke kwanza. Najua mada yenyewe inaleta usingizi kuliko mhadhara wa saa nane mchana ukiwa umetoka kula ugali maharage. Lakini nataka tubishane kidogo, maana chumbani kwetu ubishi huu haujaisha tangu mwaka wa kwanza.

Ninayekaa naye chumba anasoma uhandisi, hapa nitamwita Injinia. Tulipoingia Mlimani 2023 kadi ya bima ya mwanafunzi ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Injinia alilipa huku ananung'unika. "Kaka, mimi tangu nizaliwe sijalazwa. Hii hela ni chipsi mayai 16 na chenji inabaki." Nikamwambia chipsi mayai 16 hazitakutoa kidole tumbo. Akajibu kidole tumbo chake kiko salama, cha kwako je? Basi tukacheka, mambo yakaisha. Ila swali lake halikuisha. Kwa nini mtu mzima wa afya alipe?

Tuanze na hesabu ya darasa la nne, mfano wa kubuni tu. Tuseme bweni lina watu 100. Kila mwaka watano wanaugua sana, na kila mmoja anahitaji matibabu ya 200,000. Jumla ni milioni moja. Wote 100 wakichanga, kila mtu anatoa 10,000 na hakuna anayekwama. Sasa Injinia na wenzake 39 wenye vifua vya mazoezi wakasema sisi hatuumwi, wakatoka. Wamebaki 60, wagonjwa bado ni wale wale watano, na kila mtu anatakiwa atoe kama 16,700. Waliobaki ambao ni wazima nao wanaona imekuwa ghali, wanaondoka 30 wengine. Waliobaki 30 inabidi watoe zaidi ya 33,000 kila mmoja. Mwisho wanabaki wagonjwa watupu wanatazamana, na mfuko unakufa.

Wachumi waliliandika hili zamani. Kenneth Arrow aliandika 1963 kwamba soko la matibabu si kama soko la nyanya, maana hakuna ajuaye ataugua lini, na mgonjwa anajua kidogo kuliko daktari anayemuuzia. George Akerlof akaja 1970 na makala yake ya magari yaliyotumika: muuzaji anajua gari lake lina ubovu gani, mnunuzi hajui, mwisho soko linajaa mikweche. Yeyote aliyewahi kununua gari la mkononi hapa Dar hahitaji kusoma makala yote. Kwenye bima ni kinyume chake, anayenunua ndiye anayejijua hali yake, na anayeuza anabahatisha. Ndiyo maana Ujerumani ya Bismarck mwaka 1883 ilipoanzisha bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi, haikuwaomba wajiunge wakipenda. Iliwalazimisha.

Sasa niwaambie kwa nini mimi nimeshikwa na jambo hili kuliko wenzangu darasani. Mama yangu ana presha. Anaishi kijijini Kilolo, Iringa, analima mahindi na njegere, na vidonge vyake ni vya kila siku mpaka mwisho wa maisha. Wakati wa likizo ya 2024 nilikuwa nyumbani, akapita kijana wa kuandikisha CHF iliyoboreshwa. Kaya ya watu sita, 30,000 kwa mwaka, unatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa ukifuata rufaa. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameuza mahindi. Akaniuliza, "Baba, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Nikate au nisikate?"

Kwa darasani jibu lipo tayari. Pale jikoni, mbele ya mtu mwenye 30,000 mkononi inayotakiwa pia kununua mbolea, jibu lilikuwa zito. Sikumjibu moja kwa moja. Nikaanza kumweleza habari ya watu wengi kuchangia wachache wanaougua, akanikatisha. "Hilo nalijua, mimi ni mweka hazina wa kikundi."

Na kweli, mama ni mweka hazina wa kikundi chao cha kufa na kuzikana. Kila mwezi wanachanga, mtu akifiwa kuna sanda, jeneza, maturubai, viti, sufuria na chakula cha msiba. Nikamwuliza mbona nyie mfuko wenu haufi? Jamani, mhadhara alionipa ule ningeuandika kwenye sura ya pili kama msimamizi angekubali jina la mama yangu kwenye marejeo, kwi kwi kwi.

Kwanza, alisema, kwetu huwezi kuingia ukiwa tayari una mgonjwa kitandani anakata roho. Ukijiunga leo unasubiri miezi mitatu ndipo tunakuhesabu. Pili, kifo hakiigizwi. Hakuna mtu anayejifanya amekufa ili apate jeneza, lakini kuumwa kunaigizwa, na dawa ya mmoja inaweza kumezwa na watatu. Tatu, daftari ninalo mimi, na kila mwisho wa mwezi tunalisoma mbele ya watu. Sufuria zetu unaziona. "Hiyo ya kadi," akaniuliza, "daftari lake nalionaje? Na nikifika dirisha la dawa nikaambiwa hakuna, nani ananirudishia hela yangu?"

Mambo matatu aliyosema mama yana majina makubwa vitabuni. La kwanza ni wagonjwa kujazana kwenye bima. La pili ni watu kutumia ovyo kwa sababu analipa mwingine. Hili la pili watafiti wa RAND kule Marekani walilipima kwa jaribio lililoanza 1974 na kwisha 1982. Familia nyingine walipewa matibabu bure, nyingine wakachangia sehemu ya gharama. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, na kwa wastani afya zao hazikuharibika sana. Lakini maskini waliokuwa tayari wagonjwa ndio walioumia, hasa wenye presha. Nilipofika kwenye hilo la presha, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

La tatu, la daftari, ndilo lililoiua CHF ya zamani. Tukumbushane historia. Baada ya Azimio la Arusha matibabu ya serikali yalikuwa bure. Uchumi ukayumba miaka ya 80, na kuanzia 1993 wananchi wakaanza kuchangia, ikianzia hospitali kubwa na kushuka chini. Mwaka 1996 CHF ikaanza kwa majaribio Igunga, sheria yake ikapita 2001. Mpango ulikuwa kaya inalipa kidogo kabla ya kuumwa, halafu serikali kuu inaongeza kiasi kile kile. Hiyo nyongeza waliiita "tele kwa tele", jina tamu kweli. Watumishi wa umma wao walipata NHIF, sheria ya 1999, kazi ikaanza 2001: asilimia 3 ya mshahara inatoka kwa mfanyakazi na asilimia 3 kwa mwajiri. Mtumishi haulizwi kama anapenda. Mkulima anaulizwa, na ndipo yalipoanzia matatizo.

Mwaka 2007 Peter Kamuzora, mhadhiri wa hapa hapa Mlimani, na Lucy Gilson waliandika kwa nini watu hawakujiunga na CHF. Wapo walioshindwa kulipa. Wapo walioona huduma ni mbovu. Wapo ambao hawakuwaamini wanaoshika fedha. Na wapo ambao hawakuona sababu ya kulipia ugonjwa ambao haujaja. Ukiangalia vizuri, mbili kati ya hizo nne mama alizisema pale jikoni bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Kwa hiyo mkulima akikataa kadi, msikimbilie kusema hana elimu ya bima. Watu wetu wana elimu ya bima kuliko sisi. Wanachangia harusi, msiba, kipaimara, ada ya mtoto wa jirani. Angalia simu yako sasa hivi una makundi mangapi ya michango! Tofauti ni kwamba michango hiyo inamjua mtu na inaonekana. Harusi utakula pilau. Msiba utaona jeneza. Bima unalipa leo, mwaka mzima hukuumwa, unabaki na kadi ya plastiki na dukuduku.

Haya, nilimjibuje mama? Nilimwambia akate. Sababu yangu ilikuwa moja. Kidonge cha presha akikikosa zahanati anaweza kujinunulia, atalalamika lakini atanunua. Ila siku akipelekwa hospitali ya mkoa kwa kulazwa, hakuna gunia la mahindi litakalotosha, na tutarudi kwenye kundi la WhatsApp kuchangishana usiku wa manane huku mgonjwa anasubiri. Bima nzuri ni ya jambo kubwa lisilotabirika. Alinisikiliza, akakata.

Mwaka huo mmoja dawa alizipata miezi kadhaa, miezi mingine akaambiwa zimeisha kanunue nje. Hakulazwa, tunamshukuru Mungu. Ilipofika kuhuisha 2025, mama alihuisha. Majirani zake wawili wa kwenye kikundi, ambao waliandikishwa siku moja naye na ni wazima kama ngarawa mpya, hawakuhuisha. Hapo ndipo nilipoiona ile hesabu ya bweni la watu 100 ikitembea kwa miguu. Aliyebaki ni mwenye presha. Walioondoka ni wale ambao hela yao ingenunua vidonge vyake.

Nilivyorudi chuo nikamweleza Injinia habari nzima. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo kwa maneno mengine unataka mimi nimlipie mama yako." Nikamwambia ndiyo, bila kupepesa macho. Na mimi nikilipa nitamlipia wako, siku yake ikifika.

Lakini Injinia si mtu wa kushindwa kirahisi. Akanirudishia swali ambalo mpaka leo naliheshimu. Baba yake ni mlinzi wa usiku Mbagala. Akauliza kwa nini amchangie mama yangu yeye anayeishi kwa bumu, wakati kuna mwenye maghorofa Masaki anayelipa kiasi kile kile? Kaya ya mkulima maskini 30,000, kaya ya mwenye ghala la mahindi 30,000. Hiyo ni haki gani?

Yuko sahihi kabisa, na utafiti unamuunga mkono. Gemini Mtei na wenzake walichapisha 2012 kazi iliyouliza nani analipa na nani anafaidika Tanzania. Michango ya CHF iliwabana maskini zaidi kulingana na kipato chao, na ni rahisi kuona kwa nini. Elfu thelathini kwa mwenye laki tatu kwa mwaka ni sehemu ya kumi ya maisha yake. Kwa mwenye milioni thelathini ni vocha ya simu. Mchango wa asilimia ya mshahara unafuata uwezo wa mtu, lakini asilimia ya mshahara wa mama lishe au bodaboda utaikata wapi? Hana hati ya mshahara.

Waafrika wenzetu wamejaribu njia tofauti. Ghana kwenye sheria yao ya 2003 waliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, kwa ajili ya bima. Maana yake anayenunua vingi anachangia vingi hata kama hajui. Rwanda walianza majaribio ya mutuelle 1999, baadaye wakapanga michango kwa makundi ya kipato, wa chini kabisa wakalipiwa, na wananchi walio wengi sana wakaingia. Kenya waliacha NHIF yao, ambayo ilikuwepo tangu 1966, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 wakahamia mfuko mpya ambao mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anakadiriwa kipato chake, na kima cha chini ni shilingi 300 za kwao kwa mwezi. Hapo kwenye kukadiria kipato cha mama muuza sukuma wiki ndipo kelele zilipokuwa nyingi.

Sisi Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada kusomwa mara ya kwanza 2022 na kuzua mjadala mkubwa. Nyie mnakumbuka ile 340,000 kwa kaya iliyozungumzwa 2022 watu wakashika vichwa. Sheria inataka kila mkazi awe na bima, na kwa kaya zisizo na uwezo kuna mfuko wa kuwalipia. Fedha za mfuko huo ni pamoja na zile za kwenye soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo wale wa mikeka ya mpira kule Block B, mkichana mkeka Jumamosi jipeni moyo, huenda mmemnunulia bibi fulani dawa, teh teh.

Kwangu mimi, baada ya kusoma hizi makala mpaka macho yakawa mekundu, nimefikia hapa. Kulazimisha ni lazima, samahani Injinia, maana hesabu ya bweni haina huruma. Lakini kulazimisha bila kupima uwezo ni kumkaba maskini mara mbili. Na vyote viwili bila dawa dirishani ni kumfundisha mtu asikuamini tena, na mtu aliyefundishwa hivyo hata mwanawe hatajiunga.

Tena kuna kitu ambacho watu wakisema bima wanakisahau. Mfuko wa bima una kazi tatu: kukusanya hela, kuziweka chungu kimoja, na kununua huduma. Tunabishana sana ya kwanza, lakini ya tatu ndiyo mgonjwa anakutana nayo. Machi 2024 bei mpya za NHIF zilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wakidai bei haziwatoshi. Mfuko ukibana bei sana, hospitali inafunga mlango. Ukilegeza sana, hospitali inaandika vipimo vya damu, mkojo na picha kwa mtu mwenye mafua, na chungu kinakauka. Mnunuzi mzuri ni yule anayejua bei ya sokoni na anayekagua mzigo kabla ya kulipa, kama mama zetu wanavyobinya embe.

Na lile la daftari mimi naliona ndilo la muhimu kuliko yote. Kwani ni gharama gani kubandika ukutani pale zahanati, kila mwezi, kaya ngapi zimelipa, mfuko umeingiza shilingi ngapi, na zimenunua dawa gani? Karatasi moja na gundi. Kikundi cha mama kinafanya hivyo kwa daftari la kurasa 96 na kalamu ya Bic, na hakuna mtu anayeulizana mara mbili.

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu tunamaliza mwaka huu. Siku unarudisha funguo za bweni na kupiga picha na joho, kadi ya mwanafunzi inaanza kuhesabu siku zake. Ajira mnaijua ilivyo. Wengi tutakaa nyumbani mwaka, miwili, tunazunguka na bahasha ya kaki. Hatutakuwa watumishi wa kukatwa mshahara, hatutakuwa wanafunzi, na tukiwa na miaka 24 hakuna atakayetuhesabu watoto wa mtu. Tutakuwa kwenye lile kundi ambalo kila mfumo duniani unahangaika nalo, vijana wazima wasio na kipato cha kueleweka. Yaani sisi ndio Injinia wote. Mfuko unatuhitaji kuliko sisi tunavyouhitaji, na siku hiyo 50,400 au yoyote itakayokuwa itaonekana ni nyingi kweli, kuliko hata chipsi mayai.

Injinia ameniambia jana kwamba yeye akimaliza atakata bima, ila kwa sharti: kwanza aone karatasi ukutani. Nimemwambia sharti lake na la mama yangu ni moja, na hawajawahi kuonana.

Haya wadau, mimi nimesema yangu. Wa uchumi mnaweza kunisahihisha hesabu, wa Muhimbili nyie mnaona dirisha la dawa kila siku, tuambieni ukweli wa huko ndani. Ila atakayekuja na hoja ya "vijana hatuumwi" aanze kwanza kwa kutaja ni nani alimlipia mama yake mara ya mwisho.

Naomba kuwasilisha. Narudi kwenye sura ya pili, kalamu nyekundu inaningoja.